Fedha za Mavuno na Siku za Familia

Uwekezaji wa tahadhari ni kuweka fedha mahali itakapokua bila kuhatarisha chakula, matibabu, elimu na mapumziko ya watu wanaoitegemea. Katika kaya za Songea hesabu yake huanzia kwenye kalenda ya mvua. Mvua huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili, mahindi huvunwa kuanzia Mei, na fedha nyingi za mwaka huingia kati ya Julai na Oktoba. Baada ya hapo matumizi hufuatana bila nafasi: mbolea ya kupandia, Krismasi, sare na madaftari ya Januari, mbolea ya kukuzia, kisha Februari na Machi, miezi ambayo wenye maduka wa kata za Mfaranyaki na Lizaboni huiona droo ikiwa nyepesi. Mwalimu, muuguzi na dereva wa bodaboda nao wamo katika kalenda hiyo hata kama kipato chao huingia mwaka mzima, kwa kuwa wateja wao, wapangaji wao na ndugu zao ni wakulima.

Swali linalotangulia yote, hata lile la riba, ni la tarehe: shilingi hii itahitajika lini? Ya mwezi ujao ina mahali pake, ya mwakani ina pake, na ya miaka kumi ijayo ina pake. Hasara nyingi za kaya zenye kipato cha kawaida hutokana na kuchanganya tarehe hizo, kama vile ada ya Januari kufungiwa kwenye kiwanja kisichouzika haraka, au fedha ya uzeeni kuachwa ndani ya kibubu ikiliwa na mfumuko wa bei. Ipo tarehe moja inayosahaulika karibu kila mara, nayo ni siku ya familia kupumzika. Safari ya ziwani, tiketi za Uwanja wa Majimaji, sare za kikundi cha ngoma au nyavu mpya za mzee anayependa kuvua havina mstari kwenye daftari. Kwa hiyo hulipiwa kwa mkopo, au kwa akiba ya dharura, au havifanyiki kabisa. Kujinyima huko hakuongezi tahadhari. Mpango usio na fungu la mapumziko huvunjwa na mtu wa kwanza kuchoka, na anayechoka kwanza mara nyingi ndiye anayefanya kazi zaidi.

Zao lenyewe ndilo kitega uchumi cha kwanza. Mkoa wa Ruvuma, ilipo Songea, ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, una maghala Songea. Anayeuza yote Juni, wakati kila jirani naye anauza, hupata bei ya chini. Anayetunza hadi Desemba au Januari kwa kawaida hupata zaidi. Faida hiyo ina hatari mbili. Ya kwanza ni dumuzi, ambaye huweza kugeuza gunia zima kuwa unga kabla ya bei kupanda. Mifuko isiyopitisha hewa humzuia bila dawa, mradi mahindi yamekauka vizuri na mfuko haujatobolewa na panya. Ya pili ni sera. Katikati ya mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kupelekwa nje ya nchi, bei ikaanguka, na waliokuwa wametunza magunia yao yote wakisubiri Januari walijikuta na ghala lililojaa na mfuko mtupu. Njia iliyo salama zaidi ni kuuza kwa mafungu: fungu moja mara baada ya mavuno kwa ajili ya madeni na dharura, la pili msimu wa mbolea unapokaribia, la tatu baada ya mwaka mpya. Chakula cha nyumbani hakihesabiwi katika mafungu hayo.

Gharama ya kutokuwa na fedha ya karibu inaonekana wazi zaidi katika wilaya jirani. Mbinga, mkulima wa kahawa anayebanwa kabla ya msimu huuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, biashara inayoitwa magoma. Tunduru na mikoa ya korosho ya kusini kuna kangomba, inayofanana nayo. Serikali imepiga marufuku biashara hizo mara nyingi, lakini chanzo chake hakiondolewi na amri: mtu mwenye mali shambani anahitaji fedha leo kwa ajili ya mgonjwa au mwanafunzi, na mwenye fedha anajua hivyo. Shilingi laki tatu zilizotulia mahali pa kufikika zingeokoa kahawa ya thamani mara mbili yake. Hii ndiyo sababu akiba ya dharura, ingawa hailipi riba ya kujivunia, hutangulia kila aina nyingine ya uwekezaji.

Hesabu ya mfano inaonyesha jinsi mafungu yanavyokaa pamoja. Kaya yenye magunia 30 ya kuuza, yakiuzwa kwa wastani wa shilingi 60,000, hupata shilingi 1,800,000. Pembejeo za msimu ujao zichukue 600,000, dharura 400,000, na shule ya Januari 250,000. Fungu la mapumziko na michezo ya familia lipewe 180,000, sehemu moja ya kumi, nalo lilindwe kama yanavyolindwa mengine. Zinabaki 370,000, na hizo tu ndizo fedha za uwekezaji wa muda mrefu. Kiasi hicho ni kidogo kuliko ambavyo watu wengi hutaja wanapozungumzia kuwekeza, na hapo ndipo mpango mwingi huharibika: mtu huona 1,800,000 mkononi Agosti na kudhani zote ni mtaji. Mwenye mshahara hufanya hesabu ileile kwa mwezi. Shilingi 30,000 kila mwezi, zikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka na faida yake ikiachwa humohumo, hufikia karibu 6,145,000 baada ya miaka kumi, wakati zilizowekwa ni 3,600,000. Asilimia 10 ni ya mfano tu. Cha kuangalia ni kwamba muda na uvumilivu vimezalisha zaidi ya milioni mbili na nusu bila mtu kukosa usingizi.

Fedha ya karibu ina nyumba tatu katika mji huu: simu, benki na kikundi. Simu hufaa kwa ya wiki hii. Ikikaa zaidi huliwa na makato na vishawishi. Benki hufaa kwa ya miezi, na usalama wake una mpaka unaopaswa kujulikana. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki tano ndogo kwa kukosa mtaji wa kutosha, mojawapo ikiwa Benki ya Wananchi Njombe, katika mkoa wa jirani kwenye barabara ya Makambako. Wakati huo Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa ikimlinda kila mwenye akaunti hadi shilingi 1,500,000. Kilichozidi kilisubiri mali za benki ziuzwe. Kinga hiyo sasa imepandishwa hadi 7,500,000. Kaya yenye zaidi ya hapo katika benki ndogo ina sababu ya kugawa fedha zake mahali pawili.

Kikundi ndicho nyumba yenye joto zaidi, na kinastahili maelezo marefu. Mfumo wa VICOBA na vikundi vya hisa ulitokana na mpango ambao shirika la CARE liliuanzisha kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, ukafika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wanachama, kwa kawaida kati ya 15 na 30, hununua hisa kila wiki, hukopeshana kutoka kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Mfuko wa jamii hutengwa kwa misiba na maradhi. Mwisho wa mzunguko sanduku huvunjwa na kila mtu hupata hisa zake pamoja na faida iliyotokana na riba ya mikopo. Hiyo faida hulipwa na wanachama wenyewe, na kikundi ambacho wakopaji wake hawana biashara ya kurudisha mkopo hakiwezi kuwa na faida hata daftari likisema ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi hivi katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe kupitia halmashauri. Usajili haufanyi mweka hazina kuwa mwaminifu, lakini humpa mwanachama mahali pa kupeleka malalamiko. Vikundi vingi huvunja Desemba kwa ajili ya sikukuu. Kwa Songea yafaa kuvunja mwanzoni mwa Novemba, mbolea ikiwa inanunuliwa, na kuacha fungu dogo la Desemba, kuliko kugawana fedha yote wiki ya Krismasi na kukopa mbolea wiki inayofuata.

Kuchanganya burudani na kusaidiana kifedha si jambo geni katika pande hizi. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa pwani ya Afrika Mashariki walianza kuigiza bendi za kijeshi katika ngoma ya beni, na vyama vya beni vikawa pia vyama vya kuzikana, kukaribisha wageni na kuchangiana. Vita Kuu ya Kwanza iliwatawanya askari na wapagazi kusini mwa nchi, na ngoma za namna hiyo zikafika hadi kandokando ya Ziwa Nyasa, ambako mganda huchezwa mpaka leo na Wanyasa na Wamatengo kwa mistari iliyonyooka, mavazi nadhifu na mpangilio wa vyeo. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya historia hiyo mwaka 1975. Wanawake wa Nyasa wana kioda, na Wangoni wa Songea wana lizombe, ambayo kwayo hata timu ya soka ya Majimaji imepata jina lake la utani, Wanalizombe. Kikundi cha ngoma kina watu wanaojuana, wanaokutana kwa ratiba, na wanaoona aibu kukosa mbele ya wenzao. Hayo ndiyo masharti ambayo kila kikundi cha akiba huyatafuta. Wachezaji wa lizombe au mganda wanaoweka hisa kabla ya mazoezi ya Jumamosi wana msingi imara kuliko kikundi kilichoundwa kwa ajili ya mkopo peke yake, na wakipata mwaliko wa harusi au tamasha, malipo yake huingia sandukuni kama mapato ya wote.

Baada ya dharura na msimu ujao kupata mahali, fedha ya mwaka mmoja hadi mitano huhitaji chombo kinachokua kuzidi mfumuko wa bei na kinachofunguka bila adhabu kubwa. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ndiyo inayofaa zaidi hapa. Mfuko wa Umoja, wa kwanza nchini, ulianza mwaka 2005 chini ya Unit Trust of Tanzania, ambayo shughuli zake sasa zinaendeshwa na UTT AMIS. Fedha za watu wengi huunganishwa, wataalamu huzinunulia hatifungani, hisa na amana za benki, na kila mtu humiliki vipande kulingana na alichoweka. Mfuko wa Ukwasi, ulioanza 2013, umejengwa kwa ajili ya mtu anayeweza kuhitaji fedha yake karibuni, na malipo hufanyika ndani ya siku chache za kazi. Mfuko wa Hatifungani, ulioanza 2019, hupokea mwanachama kwa shilingi 50,000 na nyongeza za 5,000. Mambo yote, kuanzia kufungua akaunti hadi kuuza vipande, huwezekana kwa simu kutoka Bombambili au Namtumbo, jambo ambalo miaka ishirini iliyopita lilihitaji safari ya Dar es Salaam.

Hakuna mfuko wa aina hii unaodhaminiwa faida. Thamani ya kipande huweza kushuka, hasa katika mfuko wenye hisa nyingi, na ukuaji wa miaka iliyopita hauahidi chochote kwa ijayo. Ulinzi wa mwanachama uko katika leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, ambayo hudhibiti mameneja wa mifuko na kutaka mali zihifadhiwe na benki iliyo tofauti na meneja. Kwa kaya ya mfano, zile 370,000 zinaweza kuanza katika mfuko wa hatifungani na kukaa humo hadi zifike kiasi cha kununua hatifungani yenyewe.

Hatifungani ya serikali ni mkopo ambao mwananchi anaikopesha serikali kwa miaka maalumu, kuanzia 2 hadi 25. Huuzwa kwa mnada wa Benki Kuu kupitia benki za biashara na madalali wenye leseni, kiasi cha chini kikiwa shilingi 1,000,000. Riba hulipwa mara mbili kwa mwaka, na kwa hatifungani za miaka mitatu au zaidi riba hiyo haikatwi kodi, tofauti na amana ya muda maalumu benki ambayo hukatwa asilimia 10 ya riba yake. Hapa mapumziko na uwekezaji hukutana vizuri kuliko mahali pengine popote. Hatifungani ya shilingi milioni moja yenye riba ya asilimia 12.56, kiwango kilichowekwa kwa zile za miaka 25 mwaka 2022, hulipa 62,800 kila baada ya miezi sita. Kaya inaweza kuamua kwamba fedha hizo mbili za mwaka ni za safari, na mtaji usiguswe. Likizo inayolipiwa na riba haimwachi mtu na deni Januari, na watoto hujifunza kwa macho yao kwamba fedha iliyotulia huzaa.

Kutoka Songea, 62,800 haiwapeleki watu watano hotelini. Inachangia nauli kwa kiasi kikubwa. Lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 zinazoteremka kutoka milima ya Wamatengo hadi ufukweni, imeigeuza safari iliyokuwa ya kutwa nzima, na wakati wa masika isiyowezekana kabisa, kuwa ya saa chache. Ziwa Nyasa lina maji maangavu, mchanga, dagaa wanaoanikwa, na samaki wadogo wa rangi ambao hupatikana humo tu. Kaskazini, Liuli, kuna mwamba wa Pomonda. Bandari ya hapo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, na Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia humo meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann. Tukio hilo huhesabiwa miongoni mwa mapambano ya kwanza ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza. Mtoto wa Songea anayesoma habari za Vita Kuu darasani anaweza kuweka mkono juu ya jiwe lililoishuhudia.

Karibu zaidi, gharama hupungua hadi kiasi cha nauli ya daladala na maji ya kunywa. Bustani ya wanyamapori ya Ruhila iko ndani ya manispaa. Peramiho, umbali usiozidi saa moja, ina abasia ya Wabenediktini iliyoanza kama misheni mwaka 1898. Makumbusho ya Majimaji, mtaa wa Mahenge, yanahifadhi kumbukumbu ya mashujaa 67 wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, na ya Nduna Songea Mbano ambaye mji umechukua jina lake. Kila Februari kumbukumbu hiyo huleta ngoma na watu kutoka wilaya zote, mwezi uleule ambao mifuko ni mitupu. Familia nyingi zinazosema hazina uwezo wa kupumzika zinaishi kilomita tatu kutoka hapo.

Ubaya wa hatifungani unajitokeza pale mtu anapohitaji mtaji kabla ya muda. Huweza kuuzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lakini bei hutegemea viwango vya wakati huo. Kabla ya punguzo la 2022, hatifungani za miaka 25 zilikuwa zikilipa asilimia 15.95. Aliyenunua kwa 12.56, kisha mpya zikarudi kulipa 15.95, hatapata milioni yake akiiuza mapema. Hesabu huiweka bei karibu shilingi 800,000. Akisubiri hadi mwisho atalipwa yote. Vilevile mfumuko wa bei haulali. Desemba 2011 ulifikia asilimia 19.8 kwa mwaka, na kila aliyekuwa na riba ndogo kuliko hiyo alikuwa akipungukiwa kimyakimya, ingawa miaka ya karibuni umekaa karibu na asilimia 3. Hatifungani ya miaka 25 ni ya fedha ambayo mwenyewe hataihitaji isipokuwa kwa riba yake.

Hisa ni za mbali zaidi. Soko la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 kwa kampuni moja, TOL. Hisa za NMB ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600 na baada ya miaka kumi na sita zilikuwa zimepita 5,000. Simulizi hiyo husemwa sana. Inayosemwa kidogo ni ya CRDB: ziliuzwa kwa 150 mwaka 2009, mwaka 2015 benki iliwauzia wanahisa wake hisa mpya kwa 350, miaka michache baadaye bei ikawa chini ya 150, mwaka 2024 ikapita 600. Benki ni ileile. Aliyenunua mwaka 2015 na kulazimika kuuza 2019 ili amalizie nyumba alipoteza zaidi ya nusu, na jirani yake aliyenunua siku hiyohiyo bila kuhitaji fedha mapema alipata faida pamoja na magawio ya kila mwaka. Vodacom nayo iliuza hisa zake mwaka 2017 kwa 850, na waliokuwa na haraka walikaa kwa muda mrefu wakiona bei iliyo chini ya hapo. Kaya yenye tahadhari huweka kwenye hisa sehemu ndogo tu ya fungu la muda mrefu, katika kampuni zaidi ya moja, na haihesabu mali hiyo inapopanga ujenzi wala harusi.

Kuna uwekezaji ambao pia ni burudani, na Ruvuma imejaliwa nao. Takwimu za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliuweka mkoa huu mbele kwa idadi ya mabwawa ya samaki Tanzania Bara, karibu 5,000, mengi yakiwa madogo, ya familia, yenye perege. Bwawa hutoa kitoweo, hutoa fedha kidogo, na jioni huwaweka baba na watoto ukingoni wakitupa pumba. Mizinga ya nyuki kwenye miombo ya Namtumbo na Tunduru ni ya namna hiyo, na kuku wa kienyeji pia. Miti ya misindano na mikaratusi, inayostawi Madaba ambako liko shamba la serikali la Wino, huwavutia wengi kwa kuwa haihitaji palizi kila mwaka; lakini hufunga fedha kwa zaidi ya muongo mmoja, na moto wa Septemba ukipita hauachi kitu. Asiyeweza kulipia barabara za kuzuia moto hana shamba la miti, ana bahati nasibu ya miti.

Mazoea haya mazuri huharibiwa na daftari moja linalochanganya kila kitu. Chakula cha samaki hununuliwa kwa fedha ya ada kwa kuwa bwawa ni mradi, halafu samaki huliwa wote kwa kuwa bwawa ni starehe. Hapana ubaya kuwa na bwawa la starehe, mradi gharama yake itoke katika fungu la mapumziko. Likiitwa mradi, lihesabiwe kama mradi: vifaranga, pumba, siku za kazi, samaki waliouzwa na waliopikwa nyumbani kwa bei ya soko. Baada ya mizunguko miwili ya mavuno ukweli utaonekana wenyewe. Kulifanya jambo linalopendwa kuwa chanzo cha kipato kuna gharama nyingine isiyoandikwa popote: mzee aliyekuwa akienda kuvua ili apumzike sasa huenda kwa sababu mteja anasubiri, na nyumba imepoteza mapumziko yake bila kugundua.

Kinyume chake ni burudani inayojifanya uwekezaji. Vijana wengi huuita mkeka wa mechi za Jumamosi njia ya kupata mtaji. Kampuni za kubashiri matokeo zina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na watu walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi, lakini uhalali haubadilishi hesabu: bei za mikeka hupangwa ili kampuni ibaki na sehemu ya kila shilingi inayochezwa, na kadiri mkeka unavyoongezwa mechi ndivyo sehemu hiyo inavyokua. Shilingi 2,000 za kila siku ni 730,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya fungu lote la muda mrefu la kaya ya mfano. Anayecheza kwa kupenda mpira atumie fungu la burudani, na likiisha liwe limeisha.

Hatari kubwa kuliko hiyo huja ikiwa imevaa maneno ya kilimo na imani. Kati ya 2007 na 2009 mpango wa DECI uliwafanya Watanzania wengi, wengi wao waumini wa makanisa, wapande mbegu za fedha wakiahidiwa mavuno makubwa. Mavuno ya wa kwanza yalikuwa mbegu za waliofuata. Serikali iliufunga mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake. Mwaka 2020 ulikuwa zamu ya Mr Kuku, ambapo watu waliwekeza kwenye ufugaji wasiouona kwa ahadi ya faida kubwa ndani ya miezi michache. Uliishia mahakamani pia. Mapema 2025 polisi katika mikoa kadhaa waliwakamata waendeshaji wa LBL, waliowalipisha watu kiingilio ili watazame matangazo ya filamu kwenye simu na kulipwa. Katika mipango yote mitatu, wa kwanza walilipwa kweli, na malipo hayo ndiyo yaliyowavuta mashemeji na majirani. Pingamizi moja linatosha kwa kila mpango mpya unaofika Songea: serikali yenyewe hukopa kwa asilimia zisizofika 16 kwa mwaka. Anayeahidi kiasi hicho kwa mwezi mmoja anatoa wapi?

Yanabaki mambo ya nyumbani. Fungu la mapumziko na la muda mrefu hujadiliwa na wote wanaohusika, mke na mume na watoto waliokua, mara moja baada ya mauzo ya mahindi na mara ya pili kabla ya Krismasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwingine, na ridhaa hiyo ni rahisi kupatikana kwa mwenzi aliyekuwa akiliona daftari tangu mwanzo. Mtoto anaweza kuwekewa vipande katika Mfuko wa Watoto wa UTT, ulioanzishwa 2008, na kuonyeshwa salio lake kila mwaka, siku yake ya kuzaliwa. Kila akaunti, iwe ya benki, ya vipande, ya hisa au ya hatifungani, iandikwe jina la mrithi, na orodha ya akaunti zote ikae mahali ambapo mtu mwingine mmoja nyumbani anapajua. Namba ya siri ya simu haiandikwi kwenye orodha hiyo.